Semeni Habari za Mwambao: Barua ya Wazi kwa Wabunge wa Mkoa wa Kigoma

Ujiji,
6 Agosti 2024

Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Mkoa wa Kigoma,
Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

Waheshimiwa,

Mimi mkaazi wa Ujiji, niliyeanza kupiga kura katika zama za chama kimoja, wakati wagombea walipotambulishwa kwa picha ya jembe na picha ya nyumba, nimeona si haki kuendelea kunong'ona barazani maneno ambayo wanaopaswa kuyasikia ni ninyi; kwa hiyo nayaandika hadharani, ayasome kila mwenye macho, asije mtu kesho akasema kwamba wazee wa Kigoma walinyamaza.

Naandika usiku. Mwezi ndio kwanza umeandama, na miaka mingine, katika usiku kama huu ambao hauna mbalamwezi ya kuwatawanya dagaa, mtu akisimama kilimani Bangwe huziona taa za wavuvi zimejipanga juu ya maji hata akadhani kuna mji wa pili uliojengwa kati yetu na Kongo. Leo hakuna taa hata moja. Ziwa Tanganyika limefungwa kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei, na halitafunguliwa mpaka tarehe 15 ya mwezi huu. Na giza hilo, ambalo sikuwahi kuliona tangu utoto wangu, ndilo lililonitia kalamu mkononi. Nitayasema niliyo nayo kwa hesabu, moja baada ya jingine, ingawa hayalingani uzito.

1. La kwanza ni sauti zenu wenyewe. Kigoma haikuwa na desturi ya kupeleka mabubu Bungeni. Huku ndiko alikotoka Dakta Aman Walid Kabourou, ambaye kesi yake ya uchaguzi mdogo wa mwaka 1994 ingali ikisomwa na wanasheria hadi leo. Huku ndiko alikotoka Zitto Kabwe, aliyekuwa kijana mno alipolikalia jimbo la Kigoma Kaskazini, naye mwezi wa Agosti 2007 akasimama na hoja juu ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi, akasimamishwa asihudhurie vikao, na kabla mwaka haujaisha Rais akaunda kamati ya madini chini ya Jaji Mark Bomani na kumtia kijana yule yule ndani yake. Na baada ya hapo, mwaka 2010, nchi ikapata sheria mpya ya madini. Huku ndiko alikotoka David Kafulila wa Kigoma Kusini, ambaye mwaka 2014 hakukubali kuketi mpaka habari za akaunti ya Tegeta Escrow zilipowekwa mezani. Nawataja hawa bila kuangalia rangi za vyama vyao, maana vyama nimeviona vingi, na vingine nimevizika.

Lakini tazameni jambo hili, Waheshimiwa, kwa makini. Buzwagi iko Kahama, na fedha za Escrow zilikuwa Benki Kuu. Kila mara sauti ya Kigoma iliposikika ikatetemesha nchi, ilikuwa inanena mambo ya mbali na Kigoma. Sisemi kwamba ndugu zetu hao hawakuyanena ya nyumbani; waliyanena, ya michikichi na ya barabara, na Taarifa Rasmi za Bunge ni shahidi wao. Muradi wangu ni kwamba nchi iliposikia dhahabu iligeuza shingo, na iliposikia dagaa iliendelea na usingizi wake, na wabunge wetu, kwa kuwa ni binadamu, wakajifunza upesi ni lipi lenye kusikilizwa. Ninyi mliowafuata mmerithi mafunzo hayo bila kurithi ukali wao. Aghalabu nikifungua redio wakati wa bajeti nasikia mbunge akipewa dakika zake, nyingi zikaishia katika pongezi, chache zilizobaki zikaitaja barabara moja na kituo kimoja cha afya, kisha kengele ikalia naye akaunga mkono hoja asilimia mia moja. Hiyo mia moja huwa inanichekesha, na kucheka kwenyewe kuna uchungu. Je, katika jimbo lenye vijiji visivyofikika kwa gari hakuna hata asilimia tano ya kuzuia?

2. La pili ni ziwa, nalo ndilo refu. Mimi si miongoni mwa wanaopinga kufungwa kwake kwa kila hali, wala sitaki maneno yangu yachukuliwe na wenye nyavu za kokoro kuwa ngao. Ziwa hili ni la nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, ambazo mwezi Juni 2003 zilitia saini hapa hapa nchini mapatano ya kulitunza. Na kila mvuvi mwenye umri wangu atakiri, ukimpa kahawa na nafasi, kwamba migebuka anayoivua mwanawe si migebuka aliyoivua baba yake. Samaki wamepungua. Ambaye hataki kulikubali hilo hastahiki kusikilizwa katika kadhia hii.

Ila nauliza: mzigo wa dawa umewekwa juu ya kichwa cha nani? Mwaka huo huo wa 2003 wataalamu walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi ulioonyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, yamekuwa mepesi, hayachanganyiki tena sawasawa na maji ya chini yenye rutuba, na kwa sababu hiyo uzalishaji wa ziwa umeshuka kwa kadiri ya asilimia 20, jambo ambalo kwa makisio yao laweza kupunguza mavuno ya samaki kwa asilimia 30. Joto hilo halikutokana na karabai za Kibirizi. Limetoka kwenye viwanda na magari ya watu ambao hawajui kuwa kuna mahali duniani panaitwa Kagunga. Na bado katika kulitibu aliyeambiwa afunge tumbo ni baharia wa Kagunga, asiye na mshahara, anayelipwa kwa fungu la kilichovuliwa usiku ule, na pasipovuliwa kitu hana fungu.

Na yupo mwingine ambaye hakutajwa popote. Nendeni mwaloni Kibirizi asubuhi ya siku ya kawaida, mtawaona kina mama wanaonunua dagaa wabichi kwa beseni, wakawatandaza juani, wakawageuza, wakawapepeta mchanga, wakawafunga kwenye magunia yanayokwenda Tabora, Dar es Salaam na ng'ambo ya mipaka, na kwa kazi hiyo wakasomesha watoto mpaka vyuo vikuu. Mama huyu hana mtumbwi wala wavu, kwa hiyo hahesabiwi kuwa mvuvi. Hana duka, kwa hiyo hahesabiwi kuwa mfanyabiashara. Zilipozungumzwa habari za mikopo ya boti na za vizimba vya kufugia samaki, nilimsikia mmoja wao akiuliza, bila hasira, "Sasa mimi kizimba nitakianika?" Nikakosa jibu la kumpa. Nanyi mtafuteni jibu hilo, kwa sababu swali lake ndilo swali la mwambao mzima.

Ombi langu juu ya ziwa ni hili. Kabla ya Mei ijayo, na kabla wizara inayohusika haijapitishiwa fungu lake, simameni mdai kwamba ufungaji wowote utakaofuata uende pamoja na posho ya miezi mitatu kwa mabaharia na kwa kina mama wanaoanika dagaa, kwa daftari litakaloandikwa mwaloni mbele ya wenyewe, si ofisini. Mdai kwamba matokeo ya utafiti, yaani samaki wameongezeka kwa kadiri gani au hawakuongezeka, yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa katika kila mwalo kutoka Kagunga hadi Kalya. Mdai pia ushahidi wa kwamba upande wa pili wa maji nao umefungwa kweli, kwa sababu kijana wa Kigoma anayeona taa zinawaka ng'ambo ilhali yake imezimwa kwa sheria hawezi kuaminishwa kwamba sheria hiyo ni ya wote. Na kama serikali haiwezi kulipa posho, basi iseme hivyo wazi, ili sisi nasi tuseme tuliyo nayo.

3. La tatu ni meli. Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku yapata 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, na kwa reli iliyofika kwetu mwaka 1914 ikaletwa Kigoma, ambako iliungwa upya ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi isije ikamfaa adui. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, wakaisafisha, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina tunalolijua. Serikali ya wageni, ambayo haikutupenda hata kidogo, iliona inafaa kwa maslahi yake kuitoa matopeni meli iliyokuwa imelala chini ya maji. Mikononi mwetu ikasimama mwaka 2018, na huu ni mwaka wa sita, nayo haikuzamishwa na mtu.

Nasikia habari za mikataba ya matengenezo, nami naiombea heri. Lakini nataka kijana wa Dodoma ajue ni kitu gani kilichokosekana kwa miaka hiyo. Meli ile ilipokuwa ikishuka kusini kuelekea Mpulungu haikuwa na gati katika vijiji vingi; ilisimama mbali kidogo na ufuko ikapiga honi, na kutoka gizani ikatokea mitumbwi, mitatu, minne, kumi, ikajigandamiza ubavuni mwake, watu wakipandisha magunia ya dagaa na mikungu ya ndizi, wengine wakishusha mabati, chumvi, vitabu vya shule na jeneza la jamaa aliyefia mjini. Nimeona mama mjamzito akipandishwa kwa mikono ya watu wanne, akifikishwa hospitali ya Maweni akiwa hai. Bila meli mama huyo hupakiwa kwenye boti ya mbao yenye injini moja ya nje, naye katika miezi ya kusi hungoja mpaka mawimbi yatakapokubali.

Na kama kuna asiyeamini kwamba uhai wa vijiji hivi ni wa majini, akumbuke Mei 2015, walipomiminika Kagunga makumi ya maelfu ya ndugu zetu wa Burundi waliokuwa wakikimbia machafuko, katika kijiji ambacho mbele yake ni maji na nyuma yake ni mlima, kipindupindu kikazuka, na walimwengu wote waliokuja na magari yao meupe wakatambua kwamba magari hayafiki. Aliyekwenda kuwatoa ni Liemba, bibi wa miaka mia, kwa safari zisizo na hesabu. Leo likitokea kama lile, Mungu apishie mbali, tutampigia nani honi?

Upande wa kusini kuna barabara ya Simbo, Ilagala hadi Kalya, inayokatwa na Mto Malagarasi ambapo gari hungojea kivuko, na ambayo katika masika ni barabara kwa jina tu. Juzi tarehe 1 Agosti tumeona treni ya umeme ikizinduliwa Dodoma, tukapiga makofi kwa moyo safi, na tunajua kwamba mkataba wa kuileta reli hiyo kutoka Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022. Tangu tumezaliwa tunaitwa mwisho wa reli, na wenyewe tumelifanya jina hilo kuwa utani wa kujivunia. Ila kwa mtu wa Kalya au Sibwesa, Kigoma si mwisho wa reli, bali ndiko reli inakoanza, na kati yake na hiyo reli pana siku nzima ya maji. Basi mkiiomba meli, msiombe meli tu. Ombeni ratiba iliyoandikwa, yenye majina ya vijiji, na nauli ambayo muuza dagaa anaweza kuilipa.

4. La nne linaniumiza zaidi, ndiyo maana nitalisema kwa ufupi, nisije nikavuka adabu. Mwaka huu tuna uchaguzi wa serikali za mitaa na mwakani uchaguzi mkuu, na katika misimu hii ndipo jina la mtu wa Kigoma linapogeuka kuwa shitaka. Mjukuu wangu, aliyezaliwa Ujiji na mama aliyezaliwa Ujiji, alikwenda kwenye dirisha moja la ofisi ambayo siitaji, kutaka karatasi ambayo kijana wa mkoa mwingine hupewa kwa kuonyesha cheti cha shule. Akaulizwa babu yake alitoka wapi, akasema hapa, akaambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu, yaani changu, na cha baba yangu juu yake. Baba yangu alizaliwa wakati ambapo watu kama sisi hawakuandikwa popote isipokuwa katika daftari la kodi.

Ukoo wetu ni wa Kimanyema. Wazee wetu walivuka maji katika karne ya kumi na tisa, wakati Ujiji ilipokuwa kituo kikuu cha misafara ya kwenda Bagamoyo, wengine kwa hiari, wengine wakiwa na minyororo, na hilo hatulifichi. Babu yangu aliishi chini ya Wajerumani. Mwaka 1916 wakaingia Wabelgiji wakaishika Kigoma na Ujiji kwa miaka mitano. Kisha wakaja Waingereza. Yeye hakuhama hata mtaa. Zilizohama ni bendera. Na ilipofika Desemba 1961 wanawe walikuwa wamezaliwa hapa, na wana wa wanawe pia, wakaitwa raia wa Tanganyika pasi na mtu kuwauliza jina la mto alikooga babu yao.

Mwaka 2014 serikali yetu iliwapa uraia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, zaidi ya watu 160,000, nami nilifurahi, na ningali nafurahi, kwa sababu lilikuwa tendo la ukarimu ambalo mataifa tajiri hayajathubutu kulitenda. Sitaki mtu anyang'anywe chochote. Nasema tu kwamba ni ajabu kubwa mgeni aliyekaribishwa awe na cheti, na mwenye nyumba aambiwe athibitishe mlango. Wabunge kadhaa wa Kigoma wamelisema jambo hili Bungeni, wakajibiwa kwa maneno laini kwamba mkoa wetu ni wa mpakani na lazima pawe na tahadhari. Tahadhari hatuikatai. Tunachotaka ni sheria iandike waziwazi ni ushahidi gani unaotosha, na ukiisha kutosha mtu asiulizwe tena: shahidi wa mtaa, daftari la shule, daftari la msikiti au kanisa, na kikomo cha siku ambazo ofisi inaruhusiwa kukaa na faili la mtu. Hilo laweza kuja kama muswada binafsi wa mbunge. Halihitaji ruhusa ya waziri.

5. La tano ni Watongwe. Hawa ni wachache, na kwa sababu ni wachache hakuna anayeshinda uchaguzi kwa kuwataja. Milima ya Mahale ilikuwa kwao. Humo walilima, walizika na walitambika, mpaka walipoondolewa, na mwaka 1985 milima ikawa hifadhi ya taifa, na sokwe wake wakajulikana duniani kote. Nawapenda sokwe. Ninachoomba ni kwamba Mtongwe apewe haki iliyoandikwa ya kuyafikia makaburi ya wazee wake, na fungu la fedha za watalii linalotajwa katika bajeti kwa jina la vijiji vyao, na lugha yao iandikwe na wataalamu wetu kabla wazee walioijua barabara hawajaisha.

Sasa niseme nanyi kama mzee asemavyo na wanawe, maana wengi wenu kwa umri ni wanangu. Mnayo silaha ambayo katiba na kanuni zimewapa, nayo ni shilingi. Mbunge aweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, fungu likasimama, waziri akalazimika kuinuka na kujibu kwa maneno yenye tarehe na kiasi. Sijui ni lini mara ya mwisho shilingi ilishikwa kwa ajili ya dagaa. Ishikeni mara moja kwa ajili ya posho ya wavuvi, mara moja kwa ajili ya ratiba ya meli, na mara moja kwa ajili ya uraia wa watu wetu. Na mkirudishiwa majibu ya maneno matupu, msiiachie. Chama kitawakasirikia. Kijana yule wa Kigoma Kaskazini alitolewa nje na Bunge lenyewe, naye akarudi.

Kabla ya hapo nawaalika. Njooni Kagunga, kisha mshuke mpaka Kalya, si kwa helikopta ya kampeni wala kwa boti ya doria, bali kwa boti ya abiria ya Kibirizi, ile inayojazwa mpaka maji yakaribie kingo, mkae juu ya magunia pamoja na mbuzi, na mlale usiku mmoja mahali ambapo mtoto akipata homa hakuna pa kumpeleka mpaka kuche. Nauli nitawalipia mimi, kwenda na kurudi, kwa pensheni yangu.

Nakala ya barua hii nitaibandika katika mwalo wa Kibirizi, karibu na mahali ambapo taarifa ya kufungwa kwa ziwa ilibandikwa mwezi wa Mei, na kando yake nitaacha nafasi tupu ya ukurasa mmoja. Majibu yenu, kama yatakuwapo, nitayasoma katika Taarifa Rasmi za Bunge, niyanakili kwa mkono wangu na kuyabandika hapo, pamoja na jina la aliyeyasema na tarehe.

Wenu kwa heshima,
Mpiga kura wa Ujiji